Hana Mashtaka

Kila alasiri, watu wakishatoka msikitini, baraza ya duka la Bi Zubeida pale Manzese ilijaa wanaume wa kahawa. Duka lenyewe lilikuwa la viungo, mchele na tende. Aliliacha marehemu mumewe, ambaye naye alirithi kwa baba yake, na watu waliendelea kuliita kwa Mwarabu ingawa aliyekaa kwenye mizani sasa ni mama mjane aliyezaliwa hapohapo na kuzungumza Kiswahili cha hapohapo.

Kati ya wanaume wale, mmoja hakuwa akitoka msikitini. Mzee Kamugisha alikuwa Mhaya, Mkatoliki, karani mstaafu wa mahakama, na nyumba yake ilikuwa uchochoro wa nyuma. Walimpenda kwa mazungumzo yake, na walimhitaji kwa Kiingereza chake. Mtu akinunua dawa yenye maelezo asiyoyaelewa, akiletewa ujumbe na benki, mtoto wake akiona nafasi ya kazi mtandaoni, kituo cha kwanza kilikuwa kwa Mzee Kamugisha. Hakudai hata kikombe cha kahawa. Alichokipenda ni ule ukimya ulioingia barazani wakati watu wanamsubiri avae miwani.

Jumanne moja Bi Zubeida alitoka dukani na simu mkononi. Kwa zaidi ya wiki alikuwa hajampata mwanawe Yazid, aliyekuwa Dubai akifanya kazi kwenye godauni. Mwanzoni simu yake iliita bila kupokelewa, kisha ikawa haiiti kabisa. Mama huyo alikuwa hali wala halali vizuri.

"Mzee Kamugisha, hebu nitazamie," alisema. "Namba ya huko hii, lakini si yake. Kizungu kitupu."

Siku hiyo Abdulrahman naye alikuwapo barazani. Alikuwa muuza vifaa vya ujenzi, na binti yake Khulud alikuwa ameshaposwa na Yazid. Alikuja kunywa kahawa na kuzungumzia tarehe ya ndoa.

Mzee Kamugisha angeweza kusoma kimya kimya, akaingia ndani na Bi Zubeida, akamwambia pembeni. Badala yake alisimama, akausoma ule ujumbe kwa Kiingereza kwanza, kwa sauti ile ya mahakamani iliyokuwa ikifika mpaka kwa watu wa benchi la nyuma.

"Yazid was discharged this morning. No charge. The man in charge says he can go home Friday."

Maneno matatu yale alikuwa ameishi nayo miaka yake yote ya kazi. Kwake yeye, *charge* ni shtaka, lile analosomewa mtuhumiwa akaulizwa kama ni kweli au si kweli. Aliyekuwa *discharged* ni mtu ambaye hakimu kamwachia, na karani ndiye anayeandika. Na *in charge* ni mkuu wa kituo cha polisi, au mkuu wa gereza. Barua ngapi za watu hao zilikuwa zimepita mkononi mwake! Maneno yalisimama mbele yake kama mashahidi watatu wenye ushahidi mmoja. Hakuwa na shaka hata chembe.

"Yazid ameachiwa leo asubuhi," alitangaza. "Hana mashtaka. Mkuu wa kituo anasema Ijumaa anaweza kurudi kwao."

Bi Zubeida hakuelewa upesi. "Ameachiwa na nani?"

"Na polisi, mama. Inaelekea walikuwa wanamshikilia siku zote hizi. Ndiyo maana simu haikupatikana."

"Polisi? Kwa kosa gani?"

Ujumbe haukusema kosa lolote. Mzee Kamugisha alikitazama tena kioo cha simu, na watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Kusema "sijui" mbele ya macho yale kulimshinda.

"Hawajaandika," alisema. "Ila kule, kwa vijana wa magodauni, kesi huwa ni ileile. Wizi wa kazini. Wakikosa ushahidi wanamwachia mtu, halafu wanamrudisha kwao."

Abdulrahman aliweka kikombe chini kahawa ikiwa nusu. Alikung'uta kanzu yake, akasema, "Bi Zubeida, nitakuja tuongee," akaondoka bila kumwangalia mtu usoni. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, shangazi yake Khulud alikuja dukani na mfuko. Ndani mlikuwa na pete, doti za khanga na chupa ya udi ambayo haijafunguliwa. Aliuweka juu ya gunia la mchele, akasema amri si yake, akaenda zake.

Lakini kabla ya hapo, jioni ileile ya Jumanne, Bi Zubeida aliingia nyuma ya pazia la stoo na kumrekodia mwanawe sauti kwenye namba ile ngeni. Waliobaki barazani walimsikia. Sauti yake haikuwa ya kupiga kelele, na hilo ndilo lililowafanya wainamishe vichwa.

"Yazid, baba yako kafa hajaitwa mwizi. Babu yako kafa hajaitwa mwizi. Mie nimekaa kwenye duka hili na ujane wangu, sijampunja mtu robo kilo. Wewe umekwenda kutuvua nguo ugenini. Usije kwangu. Usinipigie. Ukifika hapa mlango huu usiubishe."

Akaituma. Akafuta ule ujumbe wa Kiingereza kama mtu anayefuta uchafu, akaifungia ile namba isimfikie tena. Kisha akatoka, akampimia mteja bizari.

"Ahsante, Mzee Kamugisha," alimwambia. "Bora wewe umeniambia ukweli kuliko kuusikia njiani."

* * *

Usiku wa Jumatano Filomena, mke wa Mzee Kamugisha, alipandwa na presha wakamkimbiza hospitali. Walimlaza, wakamtundikia dripu, na Alhamisi mchana hali yake ikatulia. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya wodi, ana mfuko wa machungwa mapajani, nesi alipotokea mlangoni.

"Baba, mgonjwa wako daktari ameshamdischaji. Mpitie inchaji wa wodi akupe dawa zake, muende nyumbani."

"Ameshafanywa nini?"

"Ameruhusiwa, baba. Anarudi nyumbani."

Nesi alishaondoka. Mzee Kamugisha alibaki amekaa. Alilijua neno hilo la hospitali, nani asiyelijua? Alikuwa amelisikia kwa watu mara nyingi, mitaani, makanisani, kwenye misiba. Ila hakuwahi kulikutanisha na lile la kwake la mahakamani, kama mtu mwenye majirani wawili wenye jina moja asiyewahi kuwaona wamesimama pamoja. Sasa waliposimama pamoja, aliurudia ule ujumbe neno kwa neno.

Yazid ameruhusiwa leo asubuhi. Bure, hakulipishwa kitu. Msimamizi wake anasema Ijumaa anaweza kwenda nyumbani.

Kijana alikuwa hospitalini.

Machungwa yalimwagika, yakabingirika chini ya benchi, na mama mmoja aliyekaa jirani akainama kumsaidia kuyaokota. "Pole, baba. Umepata habari mbaya?"

"Hapana," alisema. "Wangu amepona."

Njiani wakirudi, ndani ya bajaji, Filomena alimwona hasemi. Alidhani ni uchovu. Mzee alikuwa anapanga maneno. Atateremka, atakwenda moja kwa moja dukani, atasema. Lakini walipofika walimkuta Bi Zubeida mlangoni kwao na chungu cha supu ya kuku kwa ajili ya mgonjwa. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alimsaidia Filomena kuingia, akamtandikia kitanda, akamlisha. Wakati wa kuondoka alimwambia Mzee kwa sauti ya chini, "Wamerudisha pete jana. Sie tena hatuna uso mtaa huu. Lakini nyie mmebaki watu wangu."

Ndipo ilipompasa aseme. Mdomo ulifunguka. Kilichotoka ni, "Pole sana, mama Yazid. Mungu yupo."

Alipokuwa peke yake alijitetea. Huenda alikuwa sahihi mara ya kwanza. Ujumbe umefutwa, nani atajua? Kijana akirudi mwenyewe atamweleza mama yake, wataelewana, na yeye Kamugisha atasema kama kila mtu, "Kumbe!" Lakini kila alipofika kwenye hiyo "kumbe" alijisikia kama mtu aliyeonwa akijisaidia barabarani. Kulikosea neno, mtu anaweza kusamehewa. Lakini wizi haukuwamo kwenye ujumbe ule, kwa maana yoyote ya neno lolote. Wizi aliutoa yeye kichwani mwake, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama.

Ijumaa hakutoka. Jumamosi hakutoka. Barazani waliuliza, wakaambiwa anamuuguza mkewe.

Jumapili, akitoka misa, alipita kwa kinyozi. Vijana wawili waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa na stori yao.

"Oya, umesikia ya Yazid wa kwa Mwarabu? Karudi, braza. Yuko Ukonga."

"Dah! Wamempeleka jela kabisa?"

"Sasa Ukonga kwingine kwa mwizi ni wapi?"

Wakacheka. Kinyozi naye akacheka. Mzee Kamugisha alijua kwamba Ukonga si gereza tu, ndiko pia alikoolewa Yumna, dada yake Yazid, na kwamba mtu akishuka uwanja wa ndege akiwa amekatazwa mlango wa mama yake, huko ndiko angekwenda. Alitaka kuwaambia. Akaona watamwuliza amejuaje. Akatoka kichwa hakijanyolewa.

Nyumbani Filomena alikuwa amekaa kitandani anachambua mchele. Alimtazama mumewe kwa muda.

"Baba Stanley, tangu nimetoka hospitali mie ndiye mgonjwa, lakini wewe ndiye huli. Una nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, mpaka la wizi. Filomena aliacha kuchambua, akauweka ungo pembeni.

"Na supu yake tumekunywa," alisema.

Akajifunika khanga, akageukia ukutani.

* * *

Jumatatu asubuhi Mzee Kamugisha alikwenda Ukonga. Nyumba ya Yumna ilikuwa ya vyumba vitatu, uani kuna mti wa mwarobaini na kamba ya nguo. Yumna alimfungulia geti, akamwamkia, akamkaribisha kwa heshima, akidhani ametumwa na mama yake. Uso wake ulichangamka kwa tumaini hilo, na Mzee aliona haya hata kabla ya kukaa.

Yazid alikuwa amelala kwenye mkeka ukumbini. Alijaribu kunyanyuka, mkono mmoja umeshika ubavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usinyanyuke, mwanangu. Usinyanyuke."

Alikuwa amekonda, kola ya fulana imemwacha shingo. Alieleza bila kuulizwa sana. Utumbo ulipasuka, kidole tumbo, akiwa kazini. Alianguka katikati ya maboksi, simu ikapasuka kioo, baadaye ikazima kabisa. Alipasuliwa usiku uleule, jeraha likaoza, wakampasua tena. Alimwomba Roshan, Mnepali anayelala naye chumba kimoja, asimwambie mama yake mpaka atoke, kwa sababu mama angekufa kwa hofu.

"Siku niliyoruhusiwa ndiyo nikamwambia amtumie ujumbe," alisema Yazid. "Nikamwambia amwandikie kwamba nimetoka, hatukulipa kitu, bima ya kazini imelipa, na bosi amenipa likizo nikapumzike nyumbani. Roshan naye hajui maneno mengi. Kaandika kwa kifupi."

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Jioni sauti ya mama ikaingia. Roshan hajui Kiswahili, mzee. Kafurahi. Kaja mbio kitandani kwangu anacheka, 'Mama! Mama!' Kaniwekea simu sikioni." Yazid alivuta pumzi kwa shida, ubavu unamuuma. "Nimeisikiliza yote ananitazama usoni anasubiri nifurahi. Ikabidi nicheke."

Yumna alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Hakulisogeza.

"Nimekaa nawaza nani kamwambia mama neno lile," Yazid aliendelea. "Yumna kampigia mara tatu, akitaja jina langu tu mama anakata. Roshan hakuandika mwizi. Hata Kiingereza cha mwizi sidhani kama anakijua."

"Ni mimi," alisema Mzee Kamugisha.

Akaeleza jinsi alivyousoma ule ujumbe, na maana alizozitoa, na mbele ya nani. Alipomaliza, kijana aliuliza.

"Neno la mahakamani nimelielewa. Unaweza kukosea, hata mie ningekosea. Lakini wizi, mzee? Uliupata wapi?"

"Sikuupata popote. Mama yako aliniuliza kosa, nikaona aibu kusema sijui. Nikabuni."

"Na umejua lini kwamba nilikuwa hospitali?"

Hilo hakulitegemea. Angeweza kusema "leo". Akatazama mkono wa kijana uliokuwa umeshika ubavu.

"Alhamisi."

"Mie nimetua Ijumaa," alisema Yazid taratibu. "Nimekaa uwanja wa ndege, mizigo miguuni, sijui niende wapi."

Yumna aliweka sinia chini kwa kishindo, akaingia chumbani. Wakamsikia analia. Mzee Kamugisha naye machozi yalimtoka, na hakuwa mtu wa kulia mbele ya vijana. Alishuka kwenye kiti, akataka kupiga magoti pale mkekani. Yazid akamzuia kwa kiganja.

"Usinifanyie hivyo, mzee, unanipa laana. Kuniambia mimi hakunisaidii kitu. Mie najijua si mwizi. Neno hilo, ulipolisemea ndipo ukaliondoe."

* * *

Alasiri ileile baraza ilikuwa imejaa. Mzee Kamugisha alipotokea walimpisha nafasi yake, wakamuulizia mgonjwa. Hakukaa. Alimwomba muuza kahawa asimamishe kumimina, akamwita Bi Zubeida atoke dukani, na akamtuma mmoja wao akamwite Abdulrahman, kwa kuwa duka lake halikuwa mbali. Abdulrahman alikuja kwa kusitasita, akabaki amesimama pembeni, kama mtu asiyetaka kukaa nyumba iliyomkosea.

"Jumanne nilisimama hapahapa nikawasomea ujumbe," alisema Mzee. Sauti ya mahakamani haikuwapo. Ilibidi watu wasogee wasikie. "Nilisoma vibaya. Yazid hakukamatwa na mtu. Alipasuliwa tumbo, akalazwa, na siku ile aliruhusiwa hospitali. Ndicho kilichoandikwa. Na wizi haukuandikwa kabisa. Wizi niliutunga mimi. Nimeujua ukweli tangu Alhamisi, nikanyamaza kwa sababu ya aibu. Kijana yuko Ukonga kwa dada yake, mgonjwa, hana kosa."

Mzee mmoja alisema "Laa ilaaha illa Llah" polepole, akatazama miguu yake. Muuza kahawa alianza kugonganisha vikombe, kisha akaacha.

Abdulrahman ndiye aliyesema, uso umemshuka. "Mie nilirudisha pete kabla hata ya kuuliza. Sikumpigia kijana, sikumwuliza mama yake. Kamugisha, umenitia aibu, lakini mlango wa hiyo aibu niliufungua mwenyewe."

Mzee Kamugisha alimgeukia Bi Zubeida. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na alikuwa anayataka. Mama yule alikuwa ameshika nguzo ya baraza, rangi imempotea.

"Tumbo?" aliuliza. "Walimpasua?"

"Mara mbili."

"Na sauti yangu aliisikia?"

"Aliisikia."

Aliketi chini, palepale kizingitini, kati ya magunia. "Wewe ulikosea neno," alisema. "Mie nilimkosea mtoto. Nimemzaa, nimemlea, nimemjua. Mtu kanisomea mistari miwili nikamwacha." Akajifunika uso kwa mtandio. Kisha akanyanyuka ghafla, akaanza kuvuta mlango wa duka, anatafuta kufuli na halioni ingawa lilikuwa mkononi mwake.

Alifika Ukonga magharibi inaadhiniwa. Yumna alisimulia baadaye kwamba mama yao hakuingia. Alisimama nje ya geti, anasema hana haki ya kubisha mlango wa mtu, mpaka Yazid mwenyewe akatoka, anatembea ameshika ukuta, akamwambia, "Mama, ingia. Mbu." Alikaa huko wiki nzima, analala miguuni pa mwanawe, na duka likabaki limefungwa. Hawakuongea sana. Alimpikia uji, alimsafishia kidonda. Kuna siku alianza kusema "Baba, ile sauti…" Yazid akamwomba asiimalizie, si leo.

Abdulrahman alituma watu kuomba posa irudi. Yazid alijibu kwa adabu kwamba apewe muda apone. Siku mbili baadaye Khulud alikwenda Ukonga na shangazi yake, yuleyule wa mfuko, kumtazama mgonjwa. Walikaa uani muda mrefu, shangazi amekaa mbali kidogo kama inavyotakiwa. Walichozungumza hakikujulikana, ila Khulud aliporudi nyumbani alimwambia baba yake kwamba safari hii, likiwa jibu la ndiyo au la hapana, litatoka kwake na kwa Yazid.

Mzee Kamugisha aliacha kwenda barazani. Walimtumia watu wakamrudishe, naye akasema atakwenda, hakwenda. Kilichomsumbua si yale waliyomfikiria, maana wengi walishamsamehe na wengine walianza hata kufanya mzaha; ni kule kuogopa mtu asije akampa tena simu amsomee, na watu wamtazame. Filomena alianza kusema naye tena, lakini ilimchukua siku nyingi kumpakulia chakula bila kugeuza uso.

Mwezi ulipokwisha Yazid alirejea Manzese. Mzee Kamugisha alikuwa amesimama nje ya geti lake, ndoo ya maji mkononi, alipomwona anakuja uchochoroni na mama yake, hatua fupi fupi, watu wanatoka majumbani kumpa pole. Alitamani kurudi ndani. Akabaki.

Walipomfikia, Bi Zubeida alimwuliza hali ya Filomena. Yazid akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Kijana hakusimama. Alikwenda na mama yake mpaka kwao, na Mzee Kamugisha akabaki na ndoo yake getini mpaka walipoingia ndani.